Mwalimu Aliyetaka Ardhi Inyolewe

Ndege ilipita juu ya Ndalu ikanyoa mahindi. Habari hiyo niliiamini kwa miaka. Niliila, nikailalia, nikaamka nayo. Ilipita mchana kweupe, ikienda na kurudi kama mtu anayelima kwa plau, mstari kando ya mstari, ikimulika chini kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, na kila mwanga ulipogusa, kilichosimama kililala. Ati ng'ombe mmoja alibaki bila mkia. Ati bibi harusi alitoka nje kuanua nguo akarudi ndani na kipara, na harusi ikaahirishwa. Mimi kazi yangu ni mashine ya kusaga mahindi pale Kipsongo, Kitale, na kwenye mashine habari husagwa laini kabla ya unga. Aliyeniletea hii alikuja na ushahidi: shamba la shangazi yake Ndalu lilikuwa jeupe, mabua yote chini. Kwamba huo ulikuwa msimu wa kuvuna, hakuna kati yetu aliyekumbuka. Kesho yake ndege ikasikika upande wa mjini, nami, mtu mzima niliyesoma jiografia kila jioni, nikajifunika karai kichwani nikaendelea kusaga.

Na jina lililotajwa pamoja na ndege hiyo lilikuwa la mwalimu wetu wa jioni. Yeye ndiye aliyesema ardhi inyolewe. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwepo aliposema.

Tulimwita Mwalimu, wengine Madam, na hakuna aliyethubutu zaidi ya hapo. Jioni alitufundisha sisi watu wazima wa gumbaru katika darasa la shule ya msingi, ambamo madawati yalitengenezewa watoto wa chekechea na magoti yetu yalifika masikioni. Mchana alikuwa mtu wa ramani katika ofisi moja ya mambo ya mto huko Bungoma, kisha akapanda matatu kuja kwetu Kitale. Ofisi ile ilipewa kazi moja ya maana: kuonyesha mto Nzoia ukifurika na ziwa likijaa kwa wakati mmoja, maji yatafika wapi kule chini mto unapoingia ziwani, ili watu wanaokaa mahali pa hatari wahamishwe na tuta la udongo lijengwe panapostahili. Hawakupima kwa kutembea na kamba. Ndege ilirusha mwanga wa leza chini, mwanga ukagonga kitu ukarudi, na kwa muda uliochukua kurudi, kompyuta ikajua pale ni juu ama ni chini. Ukishakuwa na juu na chini yote, unaimwagia kompyuta mafuriko ya kubuni, unatazama yanakimbilia wapi. Mwalimu aliipenda kazi hiyo kuliko chakula, na chakula alikipenda sana.

Sauti yake ilikuwa ya kuvunja kuni. Akisema "Fungueni vitabu" katika darasa letu, watu wa upande wa pili wa barabara walifungua Biblia. Alivaa gambuti kiangazi na masika, gambuti nyeusi za mpira zilizopakwa mafuta zikang'aa kama viatu vya askari siku ya sherehe, na alizivaa kanisani pia. Mchungaji alipomuuliza, alijibu, "Mvua itanipigia simu kwanza?" Mchungaji akaona afadhali aendelee na mahubiri.

Ubishi wa kwanza niliouona kati yake na darasa ulihusu neno pwani. Alisema ofisi yao inachora ramani ya pwani. Darasa likacheka mpaka chaki zikaanguka.

"Mwalimu, pwani si ni Mombasa?"

"Ziwa lina ukingo?"

"Liko nao."

"Maji yakipanda, yanauliza kwanza kama ni ya chumvi?"

Tukaandika. Kuanzia siku hiyo ziwa likawa na pwani, na ole wako uandike vingine kwenye mtihani.

Lakini kitu kilichomfanya awe yeye kilikuwa swali moja, na swali lenyewe linahitaji uwe mtu wa huku ili uone utamu wake. Sisi watu wa bara tuna "juu ya" mbili. Moja ni mahali, kikombe kiko juu ya meza. Nyingine ni sababu: mtoto akilia tunamuuliza analia juu ya nini, wala hatutazami kama amepanda mti. Mwalimu alikataa kabisa kuzichanganya. Ukisema mbele yake kwamba mahali fulani ni juu, alikurukia kama mwewe.

Tulikuwa na fundi seremala mmoja darasani, mtu wa Bungoma mwenye nywele nyingi ajabu, naye "l" na "r" kwake zilikuwa zikibadilishana viti kila saa. Siku moja akajisifu.

"Mwarimu, sisi mafuriko hatuyajui. Kwetu ni juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya baba arinunua huko."

Nilidhani Mwalimu atapasuka. Alizunguka darasa zima, gambuti zikilia kwata kwata. "Hakuna juu peke yake!" alisema. "Mtu akikuambia uko juu na hakuambii juu ya nini, huyo anakuuzia hewa." Alitaka tuseme juu ya mto, juu ya ziwa, juu ya kitu kinachoshikika. Na mtu huyu huyu aliyejua urefu wa kila kichuguu kati ya Cheptais na ziwa hakuweza kupanda kiti kutundika ramani ukutani. Aliogopa. Alifika ngazi ya kwanza ya stuli, akashuka akijifanya amesahau chaki. Ilikuwa kazi yangu kupanda. Tena alitudai usahihi wa kukata na shoka, na hakuwahi kufika darasani kwa wakati hata siku moja tangu dunia iumbwe. Tulipolalamika alisema kuchelewa kwake kunatabirika, kwa hiyo si kuchelewa.

Siku aliyotufundisha kuhusu ile leza, alimwita seremala mbele. Akamsimamisha ukutani, akaweka rula ya mbao kwa upole juu ya zile nywele, bila kuzibonyeza, akapiga alama ya chaki. Alama ikawa karibu na juu ya mlango.

"Huyu ndiye seremala kama ndege inavyomwona," alisema. "Mwanga umeshuka, umegonga nywele, umerudi. Mtamshonea suruali kwa kipimo hiki?"

"Itafagia barabara, Mwalimu!"

Akabonyeza rula hadi ikagonga fuvu. Seremala akasema aii. Alama ya pili ikawa chini, chini kabisa, na watu wakapiga meza kwa furaha kwa sababu seremala alikuwa akijiona mrefu.

"Nywele si mtu," Mwalimu akasema. "Kule chini ziwani kuna mafunjo marefu kuliko mtu, kuna miwa, kuna kichaka. Mwanga mwingi unagonga hayo. Ukichukua kipimo hicho ukasema ni ardhi, umepima nywele. Ni lazima unyoe kwanza, ndipo useme pale ni juu ama ni chini."

Ofisini kwao neno hilo lilikuwa refu na la Kizungu, refu kama gari moshi. La kwake lilikuwa kunyoa, nasi tukaliandika hivyo hivyo.

Kwenye sherehe yetu ya kufunga muhula alifanya jambo ambalo baadhi ya wanafunzi hawajamsamehe. Ugali ulipofika, mkubwa, wa moto, alilowesha mikono akaufinyanga mbele yetu. Upande mmoja akainua Mlima Elgon. Kwa kidole akachora mto ukiteremka. Mwisho wa sinia akabonyeza bonde pana, kisha akachukua sufuria ya mchuzi wa kuku.

"Mwarimu, hiyo ni dhambi," seremala akasema, na alikuwa na machozi.

"Kompyuta yetu inafanya hivi hivi. Tofauti ni kwamba haina njaa."

Akamwaga. Mchuzi ukafuata kidole chake, ukajaa bondeni. Kisha akatwaa sukuma wiki akairundika bonde lilipo, mpaka ikawa kama kilima, akatuuliza kama sasa pameinuka. Tukasema pameinuka. Akamwaga tena, na mchuzi ukapita chini ya majani kana kwamba hayapo. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akala Mlima Elgon peke yake kabla hatujanawa mikono.

Sasa nifike kwa mama mkwe wake, kwa sababu bila yeye hasira yangu haina pa kukaa.

Mama mkwe aliishi kule chini kabisa, katika kijiji kati ya mto na mafunjo ya ziwa, na hao wawili waligombana kama redio mbili zilizowekwa chumba kimoja. Mwalimu alikuwa akitoka darasani kupokea simu, tukisikia: "Hapana, Mama. Mama, sikusema hivyo. Mama, mtoto wako ndiye alikula hiyo samaki." Aliporudi alisema huyo mama ni mzigo aliopewa na Mungu bila kuulizwa. Na mtu huyo huyo alikuwa na alama nyekundu moja kwenye ramani yake, alama ndogo kama punje ya mtama, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nyumba ya nani. Kila mvua ilipoanza upande wa Cherangani alisimama dirishani akaipima kwa macho. Alijua ofisi ingeamua kwa ramani hiyo kijiji kipi kihame na kipi kibaki. Alitaka kile kihame. Basi. Hakuwa na siri nyingine.

Ofisi ilipokuwa tayari kuonyesha kazi yake, iliita mkutano Bungoma, ikaleta wawakilishi wa watu wa kule chini. Mwalimu akatuchukua baadhi yetu. Alituambia ni somo. Nafikiri alitaka mashahidi.

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa maua ya karatasi. Mkubwa wa ofisi, injinia wa tai nyekundu na kitambi cha heshima, alitundika ramani ukutani, mpya, imechapishwa, inanuka wino. Buluu ilikuwa maji yatakapofika. Njano ilikuwa pakavu. Kijiji cha mama mkwe kilikuwa njano tupu, njano ya kiini cha yai la kienyeji. Mzee mmoja wa kanisa kutoka kijiji hicho alisimama akashukuru ofisi kwa niaba ya jirani zake, akasema kwa miaka mingi wamelala na hofu, na leo wataenda kulala kama watu. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe alikuwa kando yake, kitambaa cheupe kichwani, akipiga makofi kuliko wote.

Mwalimu akasimama.

"Mkubwa, umesema hawa watu wako juu."

"Ndio, madam. Wako juu."

"Juu ya nini?"

Injinia akatabasamu kwa subira. "Juu ya ramani imeonyesha hivyo."

Nakwambia hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na kicheko changu kilikufa njiani. Mtu mwenye tai ameulizwa wamesimama juu ya nini, akajibu kwamba ni kwa sababu ya ramani! Na ukifikiri, alisema ukweli. Wale watu walikuwa wamesimama juu ya karatasi.

"Sikuulizi sababu," Mwalimu akasema. "Nauliza wako juu ya udongo, ama wako juu ya mafunjo?"

"Madam, hayo ni ya kitaalamu. Tutaongea ofisini."

"Ofisini nimeongea mpaka kuta zimechoka. Ndege ilipita miwa haijakatwa. Hiyo njano unayoonyesha ni vichwa vya miwa na vichwa vya mafunjo, na hakuna mtu anayejenga nyumba kwenye kichwa cha mafunjo. Nyoeni kwanza! Nyoeni, kisha mchape!"

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Nyoeni? Wanyoe nini? Na hapo ndipo mama mkwe aliposimama, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Mkubwa, msamehe huyu," alisema. "Huyu ni wa nyumbani kwangu, ameolewa na kijana yangu. Anatafuta njia nitoke kwangu nikamlelee watoto Bungoma. Bana, mimi niko njano, na njano nitakaa!"

Kicheko kilichotoka hapo kingeweza kuezua paa. Injinia alicheka akifuta macho. "Asante, mama. Huyo ndiye mwananchi," akasema, na wageni wakaalikwa kwenda kula, maana kuku walikuwa tayari na mheshimiwa fulani alikuwa njiani kuja kuikabidhi ramani mbele ya kamera. Mwalimu alibaki amesimama. Watu walimpita pande zote mbili wakielekea kwenye sahani.

Nikikumbuka siku hiyo damu yangu inachemka hata sasa. Si kwamba hawakuelewa! Seremala wetu alielewa, na yeye hata kuandika "jiografia" kulimchukua muhula mzima. Wino ulikuwa umekauka, ndiyo sababu. Watu wenye ofisi, wenye magari, wenye viti vinavyozunguka, waliona aibu ya kuchapa ramani upya ni kubwa kuliko kijiji kizima.

Neno "nyoeni" lilitoka ukumbini kabla yetu. Lilipofika Webuye lilikuwa limeshaota miguu, na lilipofika Kitale lilikuwa na mabawa. Ndipo ikaja ile habari ya Ndalu na ndege yake. Wengine waliogopa. Mimi, chini ya karai langu, nilifurahi. Nilijiambia: wamemsikia! Wamerudisha ndege, wananyoa! Nikaona hata kama mahindi ya watu yatapotea, basi kijiji cha mama mkwe kitapona.

Msimu uliofuata mvua zikaja. Mlimani ilinyesha mpaka mito ikasahau njia zake. Nzoia ilipita chini ya daraja ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, imebeba miti mizima na banda la kuku lenye kuku. Ziwa nalo lilikuwa limejaa, kwa hiyo maji ya mto yalipofika chini hayakuwa na pa kwenda, yakarudi nyuma yakatandaa. Kile kijiji cha njano kilifunikwa hadi madirishani. Waliookoka walikaa kwenye tuta, tuta lililojengwa mbali na kwao, pamoja na mbuzi na nyoka. Yule mzee wa kanisa aliyetoa shukrani alipatikana maji yalipotulia.

Na nani aliyelaumiwa? Mwalimu!

Habari ilijigeuza usiku mmoja kama shati. Ati ndege iliponyoa ilinyoa hadi udongo, ikaishusha ardhi ya watu, ndiyo maana maji yaliingia. Ati kabla ya kunyolewa palikuwa juu, si ramani ilionyesha? Ofisi iliulizwa redioni. Badala ya kusema wazi, injinia akasema "kumekuwa na mabadiliko ya hali ya ardhi", akaaga. Habari ile ya kijinga ilimfaa, akaiacha itembee. Darasani madawati yakaanza kubaki matupu. Seremala aliacha kuja, na nilipomfuata kwenye banda lake alinena akipiga randa, bila kunitazama.

"Mwarimu ndiye arisema wanyoe."

"Alisema wanyoe, lakini si namna hiyo!"

"Wamenyoa. Watu wamekufa. Wewe unataka nini?"

Nilimtetea Mwalimu. Wateja wangu wote wa Kipsongo ni mashahidi, kwa kuwa walisubiri unga wao nikihutubia. Hoja yangu ilikuwa hii: kunyoa ni sawa, mwenye makosa ni kinyozi. Ofisi ilinyoa ardhi kama kinyozi mlevi, ikakwangua hadi damu. Nilipiga kelele hiyo juu ya mngurumo wa mashine, mwaka baada ya mwaka, nikikunja ngumi nyeupe za unga. Mwalimu mwenyewe hakujitetea. Jioni ya mwisho tulikuwa wanafunzi wa kuhesabika kwa mkono mmoja, akafundisha somo lote la vyanzo vya mito kwa sauti ile ile ya kuvunja kuni, akafuta ubao, akaondoka. Tukaletewa mwalimu mwingine, kijana aliyefika kwa wakati. Nilipata cheti changu mikononi mwake, lakini jiografia yangu ni ya yule wa kwanza.

Nilikutana naye tena baada ya miaka, Bungoma, nimeenda kutafuta mkanda wa mashine. Nyuma ya soko, kwenye baraza la nyumba ya kupanga, wanawake wawili walikuwa wakichambua njugu na kubishana kuhusu chumvi. Nilimjua kabla hajageuka.

"Sasa, Mwalimu."

"Wewe! Mtu wa unga! Bado uko hai?"

"Karibu, kijana," mama mkwe akasema, akinisogezea kiti. "Keti. Usimsikilize huyu, anaongea hata akilala."

Mwalimu alikuwa amepungua mwili. Alifundisha watoto wadogo sasa, katika shule ya hapo karibu. Ofisi haikumfukuza, alisema, ilihamishia meza yake stoo, kati ya mifagio, naye akaelewa salamu hizo. Nikamuuliza mama mkwe alivyotoka kule chini salama.

"Huyu alinidanganya," mama mkwe akasema, akimwelekezea Mwalimu kidole chenye maganda ya njugu. "Alipiga simu analia, ati anakufa, ati nije nimwone mara ya mwisho. Nikapanda huku na kuku wa kumpikia mgonjwa. Nafika, huyu hapa, amesimama mlangoni anakunywa chai! Nilimtukana mpaka nikachoka. Asubuhi nafunga vitu vyangu nirudi nyumbani, ndipo simu ikalia kutoka kule."

Akaokota njugu moja, akaitazama, akairudisha kwenye sinia.

"Mzee wa kanisa nilimpigia pia," Mwalimu akasema. "Aliniambia nisimtie hofu, ofisi imeshamwonyesha. Ningekuwa na magonjwa ya kutosha ningewaita wote."

Nikasema lile nililozoea kusema. Nilimwambia mimi sijawasamehe. Nilimwambia kila siku nawalaani wale walionyoa vibaya.

"Walionyoa nini?" Mwalimu akauliza.

"Ardhi. Ile ndege. Si uliwaambia wanyoe, wakanyoa kupita kiasi, Ndalu mpaka huko chini..."

Mama mkwe alianza kucheka, akacheka akakohoa, akapigwa mgongoni. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Aliweka sinia chini.

"Wewe ulikuwa kwa darasa langu?"

"Nilikuwa, Mwalimu. Mstari wa mbele."

"Ndege hainyoi kitu, ndugu yangu. Inamulika tu, na huko Ndalu haikufika. Kunyoa ni kazi ya kukaa kwa kiti. Mwanga mwingine uligonga majani, mwingine ulipenya katikati ukagonga udongo. Yote ndege ilikuwa imeleta, iko kwa kompyuta. Unatupa ya majani, unabaki na ya udongo. Niliomba wanipe ruhusa ya kukaa kwa kiti nifanye hiyo."

"Na hawakunyoa?"

"Hawakunyoa. Ramani ile mliona ukutani ndiyo wanatumia mpaka leo. Nyumba ya Mama iko njano."